Jinsi ya kusoma stori ya Yona wanavyoisoma Wayahudi, hatua kwa hatua (samaki muweke pembeni kwanza)

Muulize mtu yeyote stori ya Yona inahusu nini, atakwambia samaki. Mkristo atakwambia Yona alimezwa na samaki, Muislamu atakwambia Nabii Yunus alimezwa na samaki, mtoto wa sande skuli atakuchorea samaki mwenye meno na mtu anacheka ndani ya tumbo. Sasa fungua Biblia uhesabu mwenyewe. Kitabu kizima kina sura 4 na mistari 48, na samaki anatajwa kwenye mistari mitatu. Mitatu tu! Ile 45 iliyobaki inaongelea kitu kingine kabisa, na hicho ndo tunakitafuta hapa.

Nimechagua Yona kwa sababu mbili. Kwanza ni fupi, unaimaliza kabla chai haijapoa. Pili Wayahudi wenyewe wanaisoma yote kwa mkupuo mara moja kila mwaka, siku ya Yom Kippur, ile siku yao kubwa ya toba, na wanaisoma mchana jioni ikikaribia, watu wamefunga tangu jana yake jua linazama, njaa inauma na midomo imekauka. Talmudi, ule mkusanyiko mkubwa wa kale wa mijadala ya wahenga wa Kiyahudi, ilishaitaja desturi hiyo, kwahiyo sio jambo la juzi. Sasa jiulize, kwa nini saa hiyo, watu wakiwa wamechoka hivyo, wasomewe habari za mtu aliyemkimbia Mungu?

Vitu vya kuandaa: Biblia, daftari, kalamu za rangi hata tatu, na simu yenye apu ya Biblia inayokuonyesha neno la Kiebrania lililopo chini ya tafsiri (nyingi zinatumia namba za Strong, ukigusa neno inatokea namba kama H3381). Huhitaji kujua Kiebrania, unahitaji kujua kugusa na kulinganisha namba. Kama unasoma Kiingereza kuna tovuti ya Sefaria, bure, ina maandiko na wafafanuzi wa Kiyahudi wa karne nyingi pamoja. Na kitu cha mwisho, tafuta mtu. Wayahudi wana desturi inaitwa havruta, watu wawili wanakaa na andiko moja na kubishana, kazi ya mwenzako sio kukubali unachosema, kazi yake ni kukuuliza "umeitoa wapi hiyo?" Mi mwenzangu ni jirani Muislamu, anamjua Yunus kwa upande wake, tunatumiana voisi usiku na haachi kitu kipite, kuna siku nimelala nimenuna kabisa.

Hatua ya kwanza: soma yote kwa sauti, usisimame

Kwa sauti kweli, sio kwa macho. Hizi stori ziliandikwa zisikike. Usitafute maana bado, we sikiliza tu mambo yanayokukwaza uyaandike kwa neno moja moja. Mfano: kwa nini amelala na dhoruba yote ile? Kwa nini mabaharia wapagani ndo wanaomba na nabii haombi? Kwa nini mji mzima unatubu kwa sentensi moja? Kwa nini nabii amefanikiwa alafu anakasirika? Na kwa nini kitabu kinaisha na swali, tena swali linalotaja wanyama? Hiyo orodha itunze, ni mtaji wako.

Hatua ya pili: maana ya wazi kwanza

Wasomi wa Kiyahudi, hasa kuanzia Uhispania karne ya 13, wanaongelea ngazi nne za kusoma: peshati ambayo ni maana ya wazi, remezi ambayo ni kidokezo, derashi ambayo ni kuchimba na kuuliza, na sodi, yaani siri. Ukichukua herufi za mwanzo unapata neno pardesi, bustani. Watu wengi wakisikia hivyo wanarukia siri moja kwa moja. Usifanye hivyo. Talmudi ina kanuni inayosema andiko halitoki nje ya maana yake ya wazi, yaani chimba unavyotaka ila ile maana ya juu haifutiki.

Kwahiyo uliza ya kawaida: nani, wapi, lini. Yona mwana wa Amitai. Apu itakupeleka 2 Wafalme 14:25, mahali pengine pekee kwenye maandiko ya Kiebrania anapotajwa, zama za mfalme Yeroboamu wa pili, karne ya 8 kabla ya Kristo. Soma pale mistari mitatu minne kwa makini. Mfalme alikuwa mwovu, imeandikwa wazi, lakini Yona alitabiri mipaka ya Israeli itarudishwa na ikarudishwa, kwa sababu Mungu aliona taabu ya watu akawahurumia. Yaani huyu mtu alishawahi kuwa mjumbe wa huruma kwa watu wasiostahili. Hakukimbia siku ile. Walikuwa watu wake.

Alafu ramani. Ninawi iko mashariki, Mosul ya leo kule Iraki, kando ya mto Tigri (Biblia yetu inauita Hidekeli). Yona anashuka Yafa, pwani, leo ni sehemu ya jiji la Tel Aviv, anakata nauli ya Tarshishi, mbali magharibi kwa njia ya bahari. Umetumwa mashariki kwa nchi kavu, unaenda magharibi kwa maji. Na Ninawi ni mji wa Waashuru, hao hao walioibomoa Samaria, mji mkuu wa Israeli, mwaka 722 kabla ya Kristo. Msomaji Myahudi anapoisikia stori hii anajua tayari hao watu walikuja kufanya nini, sisi tunasoma kama vile ni mji wowote tu.

Hatua ya tatu: winda maneno yanayojirudia

Hapa ndo pana utamu na nitakaa sana. Mwandishi wa Kiebrania hakuambii "angalieni hili ni muhimu", anakurudishia neno lile lile mpaka ulisikie. Shida yetu ni kwamba tafsiri nzuri inabadilisha maneno ili Kiswahili kiende vizuri, na pale pale kamba inakatika.

Neno la kwanza, yarad, kushuka, H3381. Yona anashuka Yafa. Alafu anapata merikebu, na hapa Biblia zetu zinasema akapanda merikebuni, na ni sahihi kabisa kwa Kiswahili, nani anasema ameshuka chombo akiwa anaingia? Lakini Kiebrania kinasema akashuka ndani yake. Alafu dhoruba inakuja, yeye ameshuka mpaka pande za ndani za merikebu. Akalala usingizi mzito, na kitenzi cha kulala pale, vayeradam, kinasikika kama kushuka kwingine tena. Alafu tumboni mwa samaki anaomba akisema nalishuka hata chini ya milima. Ukiweka rangi moja utaona mtu anateremka ngazi toka mstari wa 3 wa sura ya kwanza mpaka chini ya bahari, na kila hatua kaichukua mwenyewe, hata mabaharia walipomtupa baharini ni yeye aliyewaambia wamtupe.

Neno la pili, ra'a, H7451. Hili lina maana mbili, ubaya na pia balaa. Sura ya 1 Mungu anasema ra'a ya Ninawi imepanda juu mbele yake. Mabaharia wanauliza ra'a hii imetupata kwa ajili ya nani, sisi tunasoma "mabaya". Sura ya 3 watu wa Ninawi wanaiacha njia yao ya ra'a, na Mungu naye anaghairi ile ra'a aliyosema atawatenda. Sawa, imeisha? Haijaisha. Sura ya 4 mstari wa 1 tunasoma jambo lilimchukiza Yona sana, ila Kiebrania, ukikitafsiri kwa ukali, kinasema likawa ra'a kwa Yona, ra'a kubwa. Ule ubaya umetoka mjini ukahamia kwa nabii. Alafu 4:6 ule mmea unaota ili kumwokoa na ra'a yake. Tafsiri inakupa maneno matatu manne tofauti na hushtuki, ukiweka rangi moja nyekundu kwenye sehemu zote hizo utakaa kimya kidogo.

La tatu ni amri. 1:2 Mungu anamwambia kum, inuka, kapaze sauti, kra. Mstari wa 6 nahodha mpagani anakuja kumwamsha na anatumia maneno yale yale, kum, kra, inuka umlilie Mungu wako. Yaani Yona amekimbia sauti ile akaenda akalala chini kabisa ya meli, na ikamfuata kwa mdomo wa nahodha. Kwa Kiswahili huwezi kuliona hili bila kugusa namba.

La nne, haraka haraka: kitenzi cha kuweka tayari, H4487, kimetumika mara nne. Samaki, mmea, buu, upepo wa mashariki. Vyote vinatii mara moja. Kwenye stori nzima anayegoma ni mmoja tu. (Mmea wenyewe ni kikayon, kwetu umetafsiriwa mtango, lakini kwenye Talmudi kuna anayeuhusisha na mbarika, huu huu wa mafuta ya nyonyo. Haibadilishi maana, ila mi napenda kuujua mti.)

Hatua ya nne: chunguza mahubiri ya maneno matano

Hotuba ya Yona kwa Kiebrania ni maneno matano. Bado siku arobaini, na Ninawi... alafu linakuja nehpakhet, H2015. Biblia zetu nyingi zimeweka utaangamizwa, na kwa kweli ni kitenzi kile kile kilichotumika kwa Sodoma, Mwanzo 19:25. Lakini mzizi wake ni kupinduka, kugeuka. Katika 1 Samweli 10:9 Mungu anamgeuzia Sauli moyo mwingine, mzizi ule ule. Talmudi, kwenye sehemu inayoitwa Sanhedrin, inasema hivyo hivyo: Yona aliambiwa Ninawi itapinduka, hakujua kwa heri au kwa shari.

Sasa ukitafsiri utaangamizwa, unabii umefeli, siku 40 zikapita mji upo. Ukitafsiri utapinduka, unabii umetimia neno kwa neno, mji ulipinduka, mfalme akaondoka kwenye kiti akakaa majivuni. Yona alisema kweli asiyoielewa. Jirani yangu aliposikia hii alinitumia voisi ya dakika tano kunibishia, alafu ya pili ya sekunde tatu: "Haya, sawa."

Hatua ya tano: tafuta mashimo, alafu ona walioziba

Stori hizi zina mashimo ya makusudi, na midrashi ndo kazi ya kusimama kwenye shimo na kuuliza. Shimo kubwa la Yona: kwa nini alikimbia? Sura ya 1 haisemi. Unangoja mpaka 4:2. Wakati huo wahenga wa Kiyahudi wameshajibu kwa njia zao. Wengine wanasema aliwaza, hawa mataifa wanatubu haraka, wakitubu Israeli ambao hawatubu wataonekana wabaya, kwahiyo alikimbia kuwakinga ndugu zake. Wengine wanasema alishatumwa kabla kutangaza maangamizi, watu wakatubu, maangamizi hayakuja, akaitwa nabii wa uongo, na hakutaka kuitwa hivyo mara ya pili.

Shimo dogo la kuchekesha: samaki ameandikwa kwa umbo la kiume, dag, mstari unaofuata la kike, daga, alafu la kiume tena. Rashi, mfafanuzi wa Ufaransa aliyefariki 1105, analeta maelezo kwamba Yona alikuwa kwanza kwenye samaki dume, nafasi ipo, amesimama zake vizuri na haombi. Basi akatemwa akaingia kwa jike mwenye mayai kibao tumboni, akabanwa, ndo akakumbuka kuomba. Usilumbane kama ni kweli ilitokea. Angalia alichokiona: nabii wetu haombi mpaka abanwe.

Na toba ya Ninawi, ilikuwa ya kweli? Hapa wanapingana na wanaachwa wapingane, hilo jifunze. Mishna, ule mkusanyiko wa sheria za wahenga ambao Talmudi inaufafanua, kwenye sehemu ya Taanit inasema angalieni, haikuandikwa Mungu akaona magunia yao na kufunga kwao, imeandikwa akaona matendo yao. Talmudi ya Babeli (Talmudi ziko mbili, hii na ya Yerusalemu) inaongeza kwamba mtu aliyeiba boriti akaijengea jumba, alilibomoa jumba zima akairudisha boriti kwa mwenyewe. Lakini Talmudi ya Yerusalemu ina sauti nyingine, inasema ilikuwa toba ya ujanja, waliwatenga ndama ndani na mama zao nje ili wanyama walie, wakamwambia Mungu usipotuhurumia sisi, sisi hatuwahurumii hawa. Kilichokuwa mkononi walirudisha, kilichokuwa sandukuni wakanyamaza.

Daftarini andika zote mbili. Usichague haraka.

Hatua ya sita: lisomeshe andiko kwa andiko lingine

4:2 Yona anamtupia Mungu maneno: nalijua u Mungu mwenye neema, umejaa huruma, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema... Simama. Haya sio yake, ni ya Kutoka 34:6, baada ya ndama wa dhahabu. Ziweke sambamba. Kule kunaishia mwingi wa rehema na kweli. Kwa Yona, mwingi wa rehema, nawe waghairi mabaya. Kweli imeondoka! Kwa Kiebrania ni emet. Na Yona ni mwana wa nani? Amitai, jina linalotokana na emet hiyo hiyo.

Hii kwangu ndo stori yote. Mwana wa Kweli anamlalamikia Mungu kwamba kwenye orodha ya sifa zako ile kweli iko wapi, watu wamefanya uovu, umesema utawaadhibu, mbona huadhibu? Sio mtu wa roho mbaya tu. Ana hoja. Kama umewahi kudhulumiwa alafu ukaona aliyekudhulumu amesamehewa kiwepesi na watu wanampigia makofi, unamjua Yona.

Alafu linganisha 4:3 na 1 Wafalme 19:4, Eliya chini ya mretemu anaomba kufa, maneno karibu yale yale. Eliya anataka kufa kwa sababu watu hawakutubu. Yona, kwa sababu wametubu.

Kuhusu siri

Kwa kifupi, kwa sababu hapa wengi wanapotea. Zohari, kitabu kikuu cha elimu ya siri ya Kiyahudi, inasoma Yona kama roho ya mtu inayoshuka ndani ya mwili, merikebu ndo mwili wenyewe, na Gaoni wa Vilna, rabi maarufu wa Lithuania karne ya 18, alifafanua kitabu kizima kwa njia hiyo. Ni nzuri, na inakaa vizuri sana na lile neno kushuka. Lakini wao walishajua maandiko kwa moyo kabla ya kufika huko. We ukianza na siri utakachokipata ni mawazo yako umeyavalisha kanzu.

Mitego miwili

Mmoja ni kutumia jioni nzima kubishana kama koo la samaki linapitisha mtu. Umeshapoteza mistari 45. Wa pili ni mbaya zaidi na nimeusikia kwenye mahubiri mengi: Yona ndo Myahudi mbaguzi, sisi mataifa ndo Ninawi wazuri. Kumbuka nani aliiandika hii stori, nani aliitunza na nani anaisoma dhidi ya nafsi yake kila Yom Kippur. Hawaisomi ili kumcheka Yona, wanaisoma wakiwa wao ndo Yona. Ukiisoma ukajikuta ni mtu mwingine anayesemwa, rudi hatua ya kwanza.

Hatua ya mwisho: liache swali liwe swali

Kitabu kinaishia na Mungu anauliza: we umeuhurumia mmea usioufanyia kazi, mimi nisiuhurumie Ninawi, mji ule mkubwa, wenye watu zaidi ya 120,000 wasiojua kulia na kushoto kwao, tena na wanyama wengi? Basi. Yona hajibu. Andika jibu la Yona kwa maneno yako, weka tarehe, mwakani andika lingine kabla hujasoma la zamani.

Mi yale maneno matatu ya mwisho, na wanyama wengi, sikujua niyafanyie nini, nilikuwa nayapita tu. Mwaka jana tulisoma na mama mmoja anayefuga ng'ombe wa maziwa. Tulipofika pale Talmudi inaposema ndama walitengwa na mama zao, akaweka kikombe chini, akasema nyie mnasoma tu, hamjawahi kulala karibu na zizi siku ndama amefungiwa kwingine, ile sauti hulali, na mji mzima umefanya hivyo usiku mmoja? Alafu akauliza, sasa huyo Yona alikuwa amekaa nje ya mji upande wa mashariki kwenye kibanda chake anasubiri aone, si alikuwa anawasikia?

Imeingia daftarini, bado haina jibu.